Otieno au Atieno? Rekebisha jina kwenye pasipoti bila kulipa mara mbili

Tuseme unaitwa Mercy Atieno. Kwenu ni Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, na umepata kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Mkataba umeshatia sahihi. Aliyekuajiri anangoja picha ya pasipoti yako ili aanze mambo ya visa, na amekuambia hawezi kungoja sana. Unafungua kile kitabu kipya cha buluu. Sura ni yako. Tarehe ya kuzaliwa ni yako. Herufi F ya kuonyesha wewe ni mwanamke iko. Halafu unafika kwenye jina: MERCY OTIENO.

Ni herufi moja tu. Lakini kutoka Kendu Bay hadi Muhuru hakuna asiyejua uzito wake: Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku, Atieno ni msichana. Nyumbani watu watacheka yaishe. Afisa wa visa hacheki. Yeye hajui Dholuo na hahitaji kujua. Kazi yake ni kulinganisha herufi na herufi, mkataba na pasipoti, pasipoti na tiketi, tiketi na cheti cha shule. Zikikataa kufanana, faili inawekwa kando.

Mercy huyu ni wa mfano tu, lakini shida yake si ya mfano. Na kitu cha kwanza ambacho wengi hufanya wakiiona ndicho kinachowagharimu: wanakimbia kulipia pasipoti nyingine. Kitabu cha pili kinatoka, jina bado ni OTIENO, na pesa zimeenda.

Kwa nini? Kwa sababu pasipoti hujaziwa jina kutoka kwenye karatasi zilizoitangulia. Mara nyingi kosa unaloliona huko lilizaliwa miaka mingi nyuma, na ukitaka kuling'oa, lazima uanze na mzizi.

Kwanza, tafuta kosa lilianzia wapi

Kabla hujalipa hata shilingi moja, weka vitu vitano mezani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha shule, pasipoti na simu yako. Mpe mtu mwingine akusomee jina herufi moja moja. Usisome mwenyewe. Jicho lako limezoea jina lako, litaona linachotarajia kuona.

Kwa nini simu? Kwa sababu jina la laini yako lilitoka kwenye kitambulisho ulichosajilia. Mwambie mwenzako ajaribu kukutumia shilingi 10, na kabla hajakubali akusomee jina linalomjia kwenye skrini. Hapo unaona jina lako jinsi wengine wanavyoliona kila siku.

Mercy wetu anafanya hivyo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Atieno. Cheti cha shule kinasema Atieno. Kitambulisho kinasema Otieno. Simu nayo inasema Otieno, na imesema hivyo tangu siku aliponunua laini. Kumbe miaka yote hiyo watu wakimtumia pesa wameona "MERCY OTIENO" na hakuna aliyeshtuka. Waliona Mercy, wakajua ni msichana, na hiyo Otieno wakadhani ni jina la baba au la mume. Kosa lilijificha kwa sababu lilifanana na ukweli.

Sasa anajua. Ofisi ya pasipoti haikukosea. Ilinakili kitambulisho vizuri kabisa. Kitambulisho ndicho kilichokosea.

Makosa ni ya aina tatu, na kila moja ina njia yake

Aina ya kwanza ni kosa la kuchapa lililofanyika wakati wa kutengeneza pasipoti yenyewe. Karatasi zako zote ziko sawa, fomu uliyojaza iko sawa, lakini kitabu kimetoka na herufi tofauti. Hili lisemwe pale pale dirishani, siku ya kuchukua, kabla hujatoka mlangoni. Ndiyo maana tunasisitiza usome ukurasa wa picha ukiwa bado umesimama mbele ya afisa. Beba nakala ya fomu yako, maana ndiyo itakayoonyesha kwamba wewe uliandika sawasawa.

Aina ya pili ni kosa lililorithiwa, kama la Mercy. Limetoka kwenye kitambulisho au kwenye cheti cha kuzaliwa. Hapa unarudi nyuma, unarekebisha karatasi ya kwanza iliyokosea, kisha unapanda ngazi hadi pasipoti.

Aina ya tatu kwa kweli si kosa. Ni mabadiliko. Umeolewa na unataka kubeba jina la mume. Umeachana naye na unataka kulitoa. Umeamua kuacha jina la ubatizo. Hapo hutaambiwa ulete ushahidi wa kosa, utaambiwa ulete hati ya badiliko: cheti cha ndoa, au hati ya kubadilisha jina ambayo huandaliwa na wakili, ikasajiliwa, kisha ikatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Na tukumbushane: sheria ya Kenya haimlazimishi mwanamke kuchukua jina la mume. Kama hulitaki, kaa na lako, na uepuke safari hii yote.

Ukienda ofisini ukasema "nataka kubadilisha jina" na kumbe ulitaka kurekebisha herufi moja, unaweza kutumwa kwa wakili bure. Sema hivi: "Jina langu liliandikwa vibaya kwenye kitambulisho, na hiki hapa cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina sahihi." Sentensi moja iliyonyooka itakuokolea siku nzima.

Majina ya kwetu hupotelea wapi

Mtu akijua pale majina ya kwetu hupenda kuteleza, anajua pa kuangalia.

Kwa Waluo, herufi ya mwanzo ndiyo hatari kubwa. Ochieng' na Achieng', Odhiambo na Adhiambo, Okoth na Akoth, Opiyo na Apiyo: O mara nyingi ni mwanamume, A ni mwanamke. Ukiandika kwa haraka kwa kalamu, herufi o ndogo na a ndogo hufanana kama mapacha. Anayechapa kutoka kwenye fomu ya mkono anabahatisha tu.

Ukivuka kwenda upande wa Kehancha na Isebania, majina ya Wakuria yana shida nyingine. Jina lile lile unalikuta Boke upande wa Kenya na Bhoke upande wa Tanzania, Gati na Ghati, Robi na Rhobi. Familia moja ina ndugu Migori na ndugu Tarime, na kila upande unaandika ulivyozoea. Kama mtoto alisoma upande mmoja na kuchukua kitambulisho upande mwingine, karatasi zake zinaweza kuwa za watu wawili. Hapa hakuna tahajia iliyo "mbaya". Kilicho kibaya ni kuwa na mbili. Chagua ile iliyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa na uishike kila mahali.

Na Isebania pasipoti si anasa. Ukivuka Busia kwenda Uganda, kitambulisho cha Kenya kinakuvusha. Ukivuka Isebania kwenda Sirari, Tanzania, utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jina lisilolingana ni mzigo unaolala barabarani.

Halafu kuna alama ya ng'. Watu wengi huja wamekasirika: "Mimi ni Ochieng', mbona chini ya pasipoti wameandika OCHIENG?" Tulia. Ile mistari miwili ya herufi na alama < iliyo chini ya ukurasa wa picha ni ya kusomwa na mashine. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, mistari hiyo ina nafasi 44 kila mmoja, na hukubali herufi kubwa za A hadi Z, tarakimu na alama ya < peke yake. Kile kialama cha juu huondolewa, na herufi huunganishwa. Kwa hiyo ONG'ONDO anakuwa ONGONDO kwenye mistari ile, na hilo si kosa. Usilipe kulirekebisha. Hata kwenye tiketi ya ndege jina litaandikwa hivyo hivyo, bila alama.

Mahali pa kuzaliwa nako huchanganya. Mzee aliyezaliwa zamani anaweza kuwa na karatasi inayosema South Nyanza, na mwanawe ana karatasi inayosema Homa Bay au Migori. Wilaya ya South Nyanza ndiyo iliyokuja kugawanywa, na leo sehemu yake kubwa ni kaunti hizi mbili. Jina la zamani la wilaya si uongo. Lakini ukijaza fomu, nakili kile kilicho kwenye karatasi unayoambatanisha, usiandike unachokijua kichwani.

Mwisho ni tarehe. Hapa kwetu siku huandikwa kwanza, kisha mwezi. 05/08 ni tarehe 5 Agosti. Fomu nyingi za kutoka Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo kwao 05/08 ni Mei. Ukijaza fomu ya mwajiri wa huko, andika mwezi kwa jina, isiwepo nafasi ya kubahatisha.

Ngazi ya kupanda: cheti, kitambulisho, pasipoti, simu

Ukishajua kosa lilianzia wapi, panda ngazi kwa mpangilio. Usiruke kipande.

1. Cheti cha kuzaliwa. Kama kosa liko hapa, anza na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya eneo ulikosajiliwa. Utaulizwa ushahidi ulio wa zamani zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, karatasi za shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi. Wazazi wa watoto wachanga, sikilizeni hapa. Kuzaliwa kunatakiwa kusajiliwa ndani ya miezi 6, na sheria inawapa wazazi miaka 2 tangu kusajiliwa kuweka jina au kubadilisha lile lililoandikwa, bila kupitia njia ndefu ya hati ya wakili. Mama, siku utakayochukua cheti cha mtoto, kisome. Dakika 2 za leo zitamwokolea mtoto wako miezi akiwa mtu mzima.

2. Kitambulisho. Kama cheti kiko sawa na kitambulisho ndicho kimekosea, nenda ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo yenu, au uulize kwenye Huduma Centre. Homa Bay na Migori zote zinazo. Omba marekebisho ya maelezo. Beba cheti cha kuzaliwa cha asili na nakala, kitambulisho cha sasa, cheti cha shule, na uwe tayari kwa barua ya chifu au hati ya kiapo ukiombwa. Hati ya kiapo ni maneno unayoyaapia mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Ukiapa uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo usikubali kutia sahihi karatasi ambayo mtu wa saiba amekuandikia bila wewe kuisoma.

Kumbuka jambo moja: kitambulisho kipya kikitoka, jina linakuwa limerekebishwa lakini nambari ya kitambulisho inabaki ile ile. Kinachobadilika ni nambari ya mfululizo ya kadi.

3. Pasipoti. Sasa ndipo unaenda kwenye eCitizen. Kabla ya kujaza fomu, angalia jina lililo juu ya akaunti yako. Kama bado linaonyesha jina la zamani, usiendelee, omba lisahihishwe kwanza. Kisha unajaza, unapakia karatasi, unalipa, unachagua ofisi na siku, halafu unafika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa watu wa huku, ofisi za pasipoti zilizo karibu ni Kisii na Kisumu. Kutoka Isebania au Awendo unapanda barabara kuu moja kwa moja hadi Kisii. Kutoka Mbita unapitia Homa Bay na Rongo. Nauli si kidogo, kwa hiyo hakikisha kila karatasi iko kwenye bahasha kabla ya kupanda matatu.

Usitegemee kwamba afisa atafuta herufi moja na kuandika nyingine. Tangu 2017 Kenya hutoa pasipoti za kielektroniki, zenye kifaa kidogo ndani kinachobeba maelezo yale yale yaliyo kwenye ukurasa wa picha. Kalamu haiwezi kukifikia. Kurekebisha jina maana yake ni kutoa kitabu kipya, chenye nambari mpya.

4. Simu. Hii ndiyo ngazi inayosahaulika, na tutairudia hapa chini.

Hii si hisani, ni haki yako

Watu wetu wengi huingia ofisini wakiwa wameinama, kana kwamba wanaomba msaada. Nyooka. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati za usajili. Kifungu cha 35 kinakwenda mbali zaidi: kila mtu ana haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomwathiri. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihisha maelezo yako yaliyo mikononi mwa yeyote anayeyahifadhi, iwe ni ofisi ya serikali, benki, au kampuni ya pesa kwa simu kama sisi.

Haki haiondoi foleni, na haiondoi ushahidi. Lakini inabadilisha jinsi unavyoongea. Ukiambiwa "haiwezekani", uliza kwa upole: "Ni karatasi gani inakosekana, ili niilete?" Andika jibu, andika tarehe, andika jina la dawati. Ukirudi mara ya pili, huanzi upya.

Pesa zinaenda wapi?

Hapa ndipo sisi tunapoumia pamoja nawe, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Mtu mwenye haraka ni windo rahisi. Mercy amesimama nje ya ofisi na bahasha yake, na kijana nadhifu anamsogelea. "Dada, ni jina, ama? Hiyo ni kitu ndogo. Nitumie kwa hii nambari, kesho kutwa unachukua." Anaonyesha picha za pasipoti za watu wengine kwenye simu yake. Anasema ana mtu ndani.

Jiulize jambo moja tu: kama kosa liko kwenye kitambulisho, huyu kijana atalitoa vipi kwenye pasipoti? Ama anakudanganya na hataonekana tena, ama ataingiza karatasi za kughushi kwenye faili yako. Hilo la pili ni baya zaidi. Pesa ukipoteza utatafuta nyingine. Faili yenye karatasi ya kughushi itakufuata miaka yote, na jina lililo juu yake si la kijana yule. Ni lako.

Shika haya:

• Malipo ya huduma za serikali kupitia eCitizen huenda kwenye Paybill 222222. Hakuna afisa, broka wala mtu wa saiba anayepaswa kupokea ada ya serikali kwenye nambari yake binafsi.

• Nambari ya akaunti ya kulipia hutoka kwenye ankara yako mwenyewe ndani ya eCitizen. Usilipe kwa nambari uliyoandikiwa kwenye karatasi.

• Anwani ya kweli ya eCitizen huishia na .go.ke. Kama kiungo ulichotumiwa kwenye WhatsApp kinaishia vingine, usikifungue.

• Ada ya siku hiyo ni ile unayoiona kwenye ankara ya eCitizen. Mtu wa saiba anaweza kukutoza kwa kazi yake ya kujaza fomu, hilo ni halali, lakini akutajie bei yake kando na ada ya serikali.

• Hifadhi meseji ya malipo. Usiifute. Ipige picha na uitume kwa mtu unayemwamini, maana simu hupotea.

• Usimpe mtu nenosiri la eCitizen, wala PIN ya pesa zako. Mtu akikupigia akisema anatoka ofisi ya pasipoti na anahitaji PIN "kurudisha salio", kata simu.

Wakati unangoja kadi mpya

Ukiomba marekebisho ya kitambulisho unaweza kuwa na kipindi cha kukaa na karatasi ya kungojea badala ya kadi. Wakala atakuuliza kitambulisho unapotoa pesa, na ana haki ya kukataa kama huna. Jipange mapema. Toa za nauli na za dharura kabla ya kwenda ofisini. Baadaye lipia madukani moja kwa moja kwa simu kadiri uwezavyo, badala ya kutegemea pesa taslimu. Na usimpe jirani laini yako akutolee kwa kitambulisho chake. Ukifanya hivyo unaongeza mkanganyiko mwingine juu ya ule unaojaribu kuumaliza.

Usiache ngazi ya mwisho

Kitambulisho kipya kimetoka, pasipoti iko njiani. Wengi huishia hapo. Halafu wanafika ng'ambo, wanataka kutuma pesa kwa mama Ndhiwa, au mama anataka kuwatumia stakabadhi, na mambo yanagoma.

Laini yako ya simu haijui kwamba kitambulisho kimerekebishwa. Nambari ya kitambulisho ni ile ile, kwa hiyo hakuna kitakachojibadilisha chenyewe. Nenda kwenye duka la kampuni ya laini yako, si kwa wakala wa kawaida, ukiwa na kadi mpya na uombe jina lisahihishwe. Ukiwa na laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone pia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, iripoti hapo hapo.

Kama ulisajili laini kwa pasipoti badala ya kitambulisho, fanya haraka zaidi, kwa sababu nambari ile ya pasipoti imekwisha kazi.

Kisha pitia wengine wote wenye maelezo yako: benki, SHA, KRA, NSSF, mwajiri. Kama una visa ndani ya pasipoti ya zamani, usikitupe kitabu hicho. Uliza ubalozi husika kabla ya kununua tiketi, kwa sababu jina na nambari vimebadilika vyote viwili. Na tiketi inunuliwe kwa jina la pasipoti mpya, herufi kwa herufi.

Kwa wanaopokea pesa kutoka nje: mwambie anayekutumia aandike jina lililo kwenye kitambulisho chako, si lile analokuita. Mtoto aliye Doha akiandika "Mama Otis", mama atapanga foleni Homa Bay mjini arudi mikono mitupu.

Rudi kwa Mercy

Mercy wetu alifanya nini? Alimwandikia mwajiri siku ile ile, akaeleza ukweli, akaambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa na karatasi ya maombi ya marekebisho. Waajiri wengi wanaweza kuvumilia kuchelewa kunakoelezwa. Wasichovumilia ni kugundua wenyewe majina mawili kwenye faili moja. Kisha akaanza na kitambulisho, akangoja, akapanda hadi pasipoti, na siku ya kuchukua alisimama dirishani akasoma kila herufi huku watu wa nyuma wakimung'unya. Wacha wamung'unye.

Siku hiyo hiyo alipita dukani kurekebisha jina la laini. Jioni akampigia dada yake: "Hebu jaribu kunitumia shilingi 10. Soma jina kwanza."

Dada yake akanyamaza kidogo. "Mercy Atieno," akasema. "Kwani hapo awali lilikuwa nani?"

Wewe pia unaweza kulifanya jaribio hilo leo jioni, hata kama hufikirii kusafiri. Ni afadhali uligundue kosa ukiwa nyumbani, bado una muda, kuliko siku mkataba uko mezani na mtu anangoja jibu.